Kuigeuza Pikipiki Kuukuu: Ufundi Uonekanao Katika Njia ya Kajiado

Mtu asafiriye kwa njia kuu itokayo Nairobi kwenda Namanga, akisha kupita Athi River na kuingia Kitengela, huona kando ya njia karakana nyingi za kuchomea vyuma. Mji huu, ulio yapata kilomita 30 kusini ya Nairobi, umekua kwa haraka mno katika miaka hii ya karibuni, na kila nyumba mpya hutaka lango, madirisha na vyuma vya kuzuia wezi. Kwa hiyo fundi wa kuchomea hakosi kazi. Karibu naye yuko fundi wa pikipiki, ambaye hulishwa na bodaboda, kwani tangu serikali ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo katika miaka ya 2000, vyombo hivyo vimeenea hata katika njia za ng'ombe.

Kazi hizi mbili, zikikaa jirani, zimeweza kuzaa kazi ya tatu. Ni kuichukua pikipiki kuukuu, ambayo mwenyewe amekwisha kuikatia tamaa, kuifungua yote mpaka mifupa yake ionekane, na kuipa umbo jingine: usukani ulioshuka chini, kiti cha mtu mmoja chenye nundu kwa nyuma, vikanyagio vilivyorudishwa kisogoni, na tangi lililonyoka. Wapendao vyombo hivyo huviita kafe resa, maana yake mshindani wa mkahawani. Vijana wakiiona hugeuza shingo. Wazee hutikisa vichwa, wakauliza mali hii imeharibiwa kwa sababu gani. Pande zote mbili zina hoja, na ni vema zisikizwe.

Jina lenyewe latoka Uingereza. Katika miaka ya 1950 na 1960 vijana wa huko, waliokuwa wameanza kupata mshahara wa kutosha baada ya vita, walinunua pikipiki za kawaida wakaziondolea kila kitu kisichosaidia mwendo. Walikutana katika mikahawa ya kando ya barabara iliyokuwa wazi usiku, ambayo mashuhuri kati yake ni Ace Cafe, katika barabara iitwayo North Circular, London. Mkahawa huo ulifunguliwa mwaka wa 1938, ukabomolewa kwa mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili, ukajengwa upya mwaka wa 1949, ukafungwa mwaka wa 1969, na ukafunguliwa tena mwaka wa 2001. Husimuliwa kwamba kijana aliweza kutia sahani ya muziki katika mashine ya mkahawani, akatoka mbio mpaka mahali palipowekwa, akajaribu kurudi kabla ya wimbo kwisha. Tamaa yao kubwa ilikuwa kufikia mwendo wa maili 100 kwa saa. Wengi walikufa kwa tamaa hiyo, na magazeti ya Uingereza hayakuwasema vizuri.

Lakini si watu wote waliowakimbia. Kasisi mmoja wa Kanisa la Kianglikana, Bill Shergold, aliyekuwa mpanda pikipiki yeye mwenyewe, alikwenda Ace Cafe kuwakaribisha vijana hao kanisani. Husemwa ya kuwa mara ya kwanza alikosa ujasiri akapita bila kusimama. Baadaye aliingia, na mwaka wa 1962 alianzisha tawi la wapanda pikipiki katika chama cha vijana kiitwacho 59 Club, kilichoanzishwa mwaka wa 1959 katika mashariki ya London. Chama hicho kilipata maelfu ya wanachama.

Upande wa ufundi, jambo kubwa la siku zile lilikuwa fremu ya kampuni ya Norton iliyobuniwa na Rex McCandless, fundi wa Belfast. Mwaka wa 1950 Geoff Duke aliitumia kushinda mashindano makubwa ya kisiwa cha Man, na mwenzake mmoja aliyeijaribu alisema ni kama kulala juu ya kitanda cha manyoya. Basi ikaitwa hivyo mpaka leo. Sasa, watu waliojenga motokaa ndogo za mashindano walizitaka injini za Norton, na kampuni haikukubali kuuza injini peke yake. Ikawabidi wanunue pikipiki nzima, wakatoa injini, wakauza mwili uliobaki. Vijana wakaupata mwili huo kwa bei nafuu, wakatia injini ya Triumph, na chombo hicho chotara kikaitwa Triton. Hapo ndipo ionekanapo ya kuwa kafe resa tangu mwanzo ilikuwa kazi ya mtu asiye na fedha nyingi, aunganishaye vilivyoachwa na wengine. Kwa jambo hili fundi wa jua kali wa Kitengela ni ndugu yao kabisa.

Norton haipatikani Kitengela. Ipatikanayo ni pikipiki ya kazi, na mzee wa ukoo huo ni Honda CG 125. Wajapani waliianza katikati ya miaka ya 1970, baada ya kuwatuma mainjinia wao kutazama jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi zisizo na barabara nzuri. Waliona ya kuwa watu hupakia kupita kiasi na hawabadilishi mafuta ya injini kwa wakati. Kwa hiyo walitengeneza injini ya sisi 124 ambayo vali zake husukumwa kwa vijiti badala ya cheni ndefu, ipate kuvumilia kutojaliwa. Wachina waliiiga injini hiyo kwa wingi, na ndiyo maana katika duka la speya la Kitengela hata pistoni ya jirani huweza kuingia. Nguvu yake ni kama ya farasi kumi na moja tu. Haitafika maili 100 kwa saa hata ikitelemka mlima, na hiyo ni rehema.

Na ichukuliwe kwa mfano pikipiki ya namna hii iliyokuwa ya mzee mmoja aliyefanya kazi ya uganga wa mifugo kule Isinya. Imelala miaka kumi katika ghala, na kuku wanatagia juu ya kiti chake. Mwanawe, karani wa kampuni, anataka kuigeuza. Si vigumu kuyawazia mazungumzo yao.

"Baba, shikamoo. Naomba ile Honda ya ghalani. Nataka niitengeneze iwe ya kisasa."

"Marahaba, mwanangu. Kuitengeneza ni vizuri. Lakini naambiwa mtaikata mkia."

"Ndiyo, baba. Kiti kitakuwa cha mtu mmoja."

"Basi mama yako ataketi wapi siku ya kwenda hospitali? Na debe la maziwa utalifunga wapi?"

Swali hilo halina jibu rahisi. Pikipiki ya kazi ni mguu wa jamaa nzima. Inabeba mama, magunia ya mbolea, mbuzi wa kuuzwa na mtoto wa shule. Ikisha kukatwa mkia, inabeba mtu mmoja na majivuno yake. Kwa hiyo shauri la busara ni hili: pikipiki inayotembea na kuleta chakula nyumbani isiguswe na msumeno. Ile iliyokufa, ambayo ingeuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, hiyo ndiyo halali ya fundi. Na hata hiyo, kiti cha zamani, walinzi wa matope na usukani vitiwe katika gunia na kuwekwa, maana huenda siku moja mtu akataka kuirudisha ilivyokuwa.

Kabla ya kufungua nati moja, kwanza ni karatasi. Namba iliyopigwa katika fremu na namba ya injini zilinganishwe na zile za kitabu cha umiliki, ambacho watu hukiita logibuku. Pikipiki nyingi zimeuzwa na kuuzwa tena bila jina kubadilishwa, na mtu aweza kutumia mshahara wa miezi mingi juu ya chombo ambacho kisheria ni cha mtu mwingine. Kama namba imekwaruzwa, mnunuzi na aondoke pale pale, hata bei ikiwa nzuri namna gani.

Karatasi zikiwa sawa, kazi ya kufungua yaanza. Fundi mwema hupiga picha kwa simu kabla ya kutoa kila kitu, na hutia nati za kila sehemu katika kopo lake lenye jina. Fundi mbaya hutia zote katika beseni moja, na baada ya mwezi pikipiki hujengwa kwa kubahatisha. Huu ndio wakati wa kuona ukweli: beringi za usukani zilizokula, spoki zenye kutu, cheni iliyonyoka, waya ulioguguna panya. Ni heri fedha za kwanza ziingie katika breki, tairi na beringi, ingawa havionekani katika picha. Wengi hufanya kinyume. Hununua rangi kwanza.

Uzuri wa kafe resa hauko katika mapambo. Uko katika mstari mmoja. Mtu akisimama kando, chini ya tangi na chini ya kiti pawe mstari mmoja ulionyoka, sambamba na ardhi. Honda ya kazi haina mstari huo, kwa sababu kiti chake hushuka na kupanda kama njia ya Ngong. Basi hapa ndipo fremu ya nyuma hukatwa, na bomba lililokunjwa mfano wa kiatu cha farasi huchomewa kuifunga.

Na hapa ndipo penye hatari. Fundi wa malango ni hodari, lakini lango halirukirushwi. Likipasuka kiungo, mtu hulisikia likilia akaita fundi. Fremu ya pikipiki hutikiswa maelfu ya mara kila siku, ikiwa na mtu juu yake. Bomba lake ni jembamba, na kijiti kinene cha kuchomea kilichozoea chuma cha lango hulitoboa, au hulipaka chuma juu bila kushika ndani. Kwa macho vyote viwili huonekana sawa baada ya kupakwa rangi. Fundi ajuaye hukata mwisho wa bomba ukae kwa ulinganifu juu ya bomba la pili, hutia kipande cha bomba dogo kwa ndani kama kiungo cha mfupa, huchoma kidogo kidogo upande huu na upande huu ili fremu isipinde, kisha huiacha ipoe yenyewe. Amwagaye maji ili apake rangi upesi hukifanya chuma kiwe kikavu, chepesi kuvunjika. Tena mahali zifungwapo shoki za nyuma hapakatwi kamwe. Ukataji uwe nyuma yake. Na betri ifunguliwe kabla ya kuchomea, la sivyo umeme wa kuchomea hupita katika vifaa vya kuwashia na kuviunguza.

Mtu atakaye kujua kama fundi wake ni wa kazi hii, na amwombe achomee vipande viwili vya bomba kama lile, kisha vitiwe katika jiliwa na kupigwa nyundo. Bomba likipinda kiungo kikabaki, apewe kazi. Kiungo kikifunguka, apewe chai na shukrani. Wapo mafundi wengi wa jua kali wenye mkono mwema wasio na cheti, na inafaa wajue ya kuwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, yaani NITA, huwafanyia mafundi mitihani ya daraja, hata waliojifunzia kazi kando ya njia. Cheti hicho humwongezea fundi kauli anapotaja bei.

Neno jingine moja juu ya moto. Tangi la petroli, hata likiwa tupu kwa miaka, lina mvuke ndani yake. Anayelichomea bila kulitayarisha huwa amewasha bomu kifuani mwake. Lazima lioshwe kwa sabuni na maji ya moto mara nyingi, kisha lijazwe maji mpaka karibu na mahali pa kuchomewa. Afadhali zaidi tundu dogo lizibwe kwa dawa ya kugandisha kuliko kwa moto.

Usukani mfupi ubanwao katika nguzo za mbele ndio unaoipa pikipiki sura ya mbio, nao una kesi zake. Ukigeuzwa mpaka mwisho, vidole visibanwe na tangi. Nyaya za klachi na breki zilizopimwa kwa usukani mrefu hubaki ndefu, zikajikunja, na breki ikachelewa, basi zibadilishwe. Na mikono ikishuka, miguu nayo haina budi kurudi nyuma, la sivyo mgongo hukunjwa kama wa mtu avunaye maharage. Vikanyagio vikirudi, mkono wa gia nao hutaka kiungo kipya. Kila badiliko huzaa badiliko, na hivyo kazi iliyosemwa ni ya majuma mawili huingia mwezi wa nne.

Kuhusu kabureta, hapa pana elimu ambayo vijana hawaipati katika picha. Kitengela iko zaidi ya meta 1,500 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika saba. Kwa hiyo kabureta iliyopimwa kwa nchi ya chini hutoa petroli nyingi kupita hewa iliyopo. Lakini vijana wakisha kuondoa sanduku la chujio na kutia chujio dogo la wazi, hewa huongezeka, na petroli huwa haba. Injini hupata moto, na pistoni huweza kuharibika. Makosa haya mawili huvutana, na fundi akisikiliza kwa sikio tu hudanganyika. Dawa ni kuitazama plagi baada ya mwendo. Ikiwa nyeupe, petroli ni haba, na kitundu cha kabureta kiwe kikubwa zaidi. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli ni nyingi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, iachwe hivyo hivyo. Hata hivyo, katika mji wenye viwanda vya saruji jirani na njia nyingi za murramu, chujio la wazi ni kualika vumbi ndani ya silinda. Sanduku la zamani si zuri kutazama, lakini ndilo lililoifanya Honda ya mzee ifike uzeeni.

Kiti hukatwa kwa bati au kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa, kikatiwa sponji na kushonewa na fundi wa makochi. Ngozi ya ng'ombe hupendeza, na Kajiado si nchi ya kukosa ng'ombe, lakini jua la nyanda za Kapiti huipasua isipopakwa mafuta. Reksini ni ya bei nafuu na haiogopi mvua. Bomba la moshi lililo wazi halifai. Kanuni za kelele zimekuwapo Kenya tangu mwaka wa 2009, na hata zisingekuwapo, mtu apitaye katikati ya kundi la ng'ombe kwa mlio wa bunduki hatapendwa na wachungaji, na ng'ombe aliyeshtuka hachagui upande wa kukimbilia.

Mwisho wa kazi ni kurudi tena kwa karatasi. Rangi ikibadilika, au injini, au umbo, mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, ipewe habari, ili kitabu kilingane na chombo. Bima ya kuwakinga watu wengine ni lazima kwa sheria, na kampuni ya bima iliyoficha-ficha mambo na mteja wake yaweza kuleta ubishi siku ya ajali. Taa za mbele na nyuma, za kugeukia, na kioo cha kutazamia nyuma havitolewi kwa sababu ya urembo. Kofia ngumu na koti lenye kung'aa ni sheria pia, hata kama koti hilo laharibu sura ya mpanda kafe resa.

Karani yule, kama alifuata haya, sasa yuko tayari kwa safari ya kujaribia, na njia yenyewe ipo: Kitengela mpaka Kajiado, kupita Isinya, karibu kilomita 50. Aende asubuhi, kabla ya upepo wa nyandani kuanza kuvuma ubavuni, kwa kuwa pikipiki nyepesi husukumwa nao, na malori yaendayo Namanga yakipita huivuta. Asiende usiku, punda milia na fisi hawana taa. Apunguze mwendo katika miji, ambamo sheria hairuhusu zaidi ya kilomita 50 kwa saa, na katika matuta, maana pikipiki iliyoshushwa huyagusa kwa tumbo.

Akifika Isinya asimame, akaze nati zote, kisha amsalimu baba yake na kumwonyesha. Akifika Kajiado, azime injini, angoje bomba lipoe, apige goti nyuma ya kiti na kupitisha ukucha juu ya kiungo kilichochomewa. Rangi ikiwa nzima, anaweza kurudi. Ikiwa imepasuka, hata kama ufa ni mwembamba kama unywele, asiipande tena siku hiyo. Malori yashushayo mbuzi sokoni hurudi Kitengela matupu, na dereva atakubali kuibeba kwa bei ndogo.